Uzito wa kifyatuo ni nini, na kwa nini hubadilika wenyewe

Uzito wa kifyatuo ni nguvu ambayo kidole hutumia mpaka bunduki ilie. Hupimwa bunduki ikiwa tupu, mtutu ukitazama juu, kwa kuning'iniza vyuma vya mizani kwenye kifyatuo mpaka kiachie. Bunduki nyingi za kuwindia huhitaji kilo moja na nusu au zaidi. Za shabaha hushuka hadi gramu mia chache tu. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, zinataka bastola ya upepo ya mita 10 isipungue gramu 500, lakini bunduki ya upepo ya umbali huohuo haikuwekewa kiwango cha chini. Mlengaji hupenda wepesi kwa sababu kidole kinachovuta kwa nguvu huvuta na bunduki yenyewe.

Wepesi huo una gharama yake. Pini ya kupigia husukumwa na springi kali, nayo huzuiwa na kishikizo cha chuma kilichoegemea ukingo mdogo. Sehemu inayogusana kwenye vifyatuo vizuri haifiki hata milimita moja. Unapovuta, ukingo unateleza na kishikizo kinaanguka. Kwa hiyo unachokihisi kidoleni ni springi, msuguano na kina cha ule mshikamano, vyote kwa pamoja.

Hapo ndipo mafuta yanapoleta balaa. Watu hupulizia kifyatuo mafuta kama wanavyopaka bawaba ya mlango, kumbe mafuta hunasa vumbi na masizi ya baruti, na kwenye baridi hugeuka uji mzito. Kishikizo kinarudi polepole, au hakirudi kabisa. Utaona uzito unabadilika kutoka risasi moja hadi nyingine, au unafunga bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, na pini inaifuata bila kushikwa. Mara nyingi chanzo kiko kwenye usafishaji wa mtutu: dawa inatiririka nyuma hadi ndani ya kifyatuo. Safisha mtutu huku mdomo wake ukiwa umeinama chini kidogo, na mdeki, yaani fimbo ya kusafishia, upitie kwenye bomba lake la kuuongoza.

Kifyatuo chenyewe, baada ya kuhakikisha chemba ni tupu, huoshwa kwa kisafishaji kinachokauka bila kuacha utando, kisha huachwa kikavu isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine. Skrubu zilizozibwa kwa rangi au gundi ziache. Hata kiwandani gundi imewahi kuleta shida: mwaka 2014 kampuni ya bunduki ya Remington iliagiza zirudishwe bunduki zenye kifyatuo chake cha X-Mark Pro kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuzifanya zilie zenyewe.

Jaribio la kufanya kabla ya kurudi uwanjani ni hili, bunduki ikiwa bado tupu: funga bolti kwa nguvu mara kadhaa, kisha weka kifungo cha usalama, vuta kifyatuo, kiachie, ondoa kifungo hicho. Pini ikianguka hata mara moja, usijaribu kurekebisha kwa kukaza skrubu. Ipeleke kwa fundi wa silaha, kwa kuwa ukingo uliolika haurudi kwa kuoshwa.