Ndoto haihitaji ukungu

Ninahariri filamu. Waongozaji wanaoniletea onyesho la ndoto karibu wote huomba mambo yale yale: picha iwe na ukungu, rangi zififie, sauti ivume kama ya mtu aliye kisimani. Kabla sijagusa chochote huwawekea Un Chien Andalou, filamu bubu ya dakika kama 16 ya Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1929.

Ilizaliwa na ndoto mbili. Buñuel aliota wingu jembamba likiukata mwezi na wembe ukipasua jicho. Dalí aliota mkono uliojaa sisimizi. Wakaiandika kwa sharti moja: picha yoyote inayoelezeka kwa akili itupwe.

Tazama ilivyokatwa. Mwanamume (ni Buñuel mwenyewe) ananoa wembe, anainua macho kuutazama mwezi. Wingu linausogelea, linapita, na papo hapo wembe unapita kwenye jicho. Jicho ni la ndama, lakini nani atapata muda wa kulichunguza? Mwendo umeshaanzishwa na wingu. Wembe unaumalizia tu.

Mimi naupenda zaidi mlango. Mwanamke anatoka chumbani, ghorofani, anaufunga mlango nyuma yake, na hapo hapo yuko ufukweni, upepo unampiga. Hakuna ujanja wa kamera. Hatua imeanzia picha moja ikaishia nyingine, basi. Ndivyo tunavyojenga nyumba kila siku kwenye filamu: sebule imepigwa picha mtaa huu, jiko mtaa wa pili, na mtazamaji anaamini ni nyumba moja. Buñuel aliichezea imani hiyo makusudi. Hata maandishi ya filamu yanadanganya: yanatangaza “Miaka 16 kabla”, kisha watu wanaendelea pale pale walipoishia. Ukungu ungeharibu yote, kwa sababu humtonya mtazamaji mapema kwamba hili si la kweli, naye anatulia.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alilijua hilo. Kwa filamu yake Spellbound (1945) alimtaka Dalí ili ndoto iwe na makali kuliko filamu yenyewe. Mapazia yaliyochorwa macho bado yananisisimua. Tatizo ni kwamba baadaye wataalamu wa akili wanaketi kufasiri kila kitu, nami napiga miayo.

Buñuel hakufasiri. Katika filamu yake Los Olvidados (1950), iliyopigwa picha Mexico, mtoto anamwota mama yake akimletea nyama mbichi. Mwendo umepunguzwa kasi, sawa, lakini kinachotisha ni sauti: mama anaongea na midomo yake haichezi. Hilo unaweza kulifanya leo mezani pa uhariri bila kukodi mashine ya moshi.