Alama kumi za PHQ-9 kwa mwanamke aliye kwenye kemo

Kila nikisema kazi yangu ni kuhakiki madodoso ya sonona na wasiwasi kwa wanawake wenye saratani hapa Zanzibar, huulizwa swali lile lile, kwani ya Kiswahili si yapo? Yapo, tena siku nyingi. PHQ-9, ile fomu ya kupima sonona, ya Kiswahili inatumika Kenya na Tanzania bara, GAD-7 ya wasiwasi vilevile, unaingia intaneti unazipakua bure, unaprinti, unaenda nazo wodini. Hapo pa kuprinti na kwenda nazo wodini ndo panaponikera, na sisemi habari za tafsiri mbaya, hata ikiwa tafsiri imenyooka kama alivyoisema mama yako nyumbani bado kazi yenyewe hujaianza.

Kwa asiyezijua, PHQ-9 ilitoka Marekani 2001, ya kina Kroenke, Spitzer na Williams. Maswali 9, unamuuliza mtu wiki mbili zilizopita jambo hili limekusumbua mara ngapi, kila jibu 0 mpaka 3, jumla inafika 27. GAD-7 ya wasiwasi ikafuata 2006, maswali 7, jumla 21. Zote mbili watu wameshika namba moja, 10, ukifika 10 una tatizo, hukufika nenda zako salama. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni, ilipatikana kwa wagonjwa wa kliniki za kawaida za Marekani, na kwa wale ilifaa sana, kwenye PHQ-9 iliwakamata asilimia 88 ya wenye sonona na ikawaacha asilimia 88 ya wasiokuwa nayo. Hao walikuwa wagonjwa wa kawaida wa kliniki, hawakuwa wanawake waliokatwa titi na sasa wako kwenye drip.

Tufanye hesabu pamoja. Mchukue mama wa Makunduchi yuko kwenye kemo ya saratani ya matiti. Swali la usingizi, halali, kwa sababu kabla ya dozi kapigwa dexamethasone na ile dawa inajulikana kwa kumkodolesha mtu macho usiku kucha, mpe 3. Uchovu, 3. Chakula hakipiti, 3. Tushafika 9. Lile la kutulia au kuhangaika mwili, anasema miguu haitulii, ukiangalia kadi yake unakuta kapewa metoclopramide ya kichefuchefu, na dawa hiyo kwa baadhi ya watu inaleta mhangaiko mbaya wa mwili hadi mtu hawezi kukaa kitako, mpe 1 tu. Jumla 10. Mama huyu hajasema popote ana huzuni, hajasema amekata tamaa, na fomu inasema ana sonona. Mwenye saratani ya shingo ya kizazi naye kama anavuja damu ana upungufu wa damu, uchovu wake unatibika kwa kuongezewa damu, sio kwa vidonge vya sonona. Anayemeza tamoxifen, vidonge vya homoni vya saratani ya matiti, anaamshwa usiku na joto la mwili.

Usije ukanielewa kwamba wanawake hawa hawana sonona. Wanayo, wengi tu, na ubaya wake ndo huu, kila daktari anaiona akasema ah ni saratani hiyo, lazima achoke. Kwahiyo fomu inaweza kukosea pande zote mbili, na huwezi kujua upande gani mpaka uipime kwao wenyewe.

Watu wameshajaribu njia za kukwepa hili. HADS, fomu nyengine ya wasiwasi na sonona, ya Zigmond na Snaith, 1983, iliacha makusudi maswali ya mwili kama chakula na usingizi kwa sababu ilitengenezewa wagonjwa wa hospitali. Nzuri, lakini ina leseni ya kulipia, halafu ina swali linalouliza kama mtu bado anafurahia kitabu kizuri au kipindi cha redio au tivii, na mama wa Micheweni ambaye hajasoma kitabu maisha yake yote anakutazama tu. Endicott yeye 1984 alipendekeza badala ya kufuta dalili za mwili uzibadilishe, weka kulia, kujitenga na watu, kukaa unawaza tu, mtu ambaye hata umwambie nini hacheki. Mie napenda fikra ya Endicott nikiwa nakaa na mgonjwa uso kwa uso. Kwenye fomu nasema usifute kitu kwanza, uliza yote tisa, halafu data ndo ikwambie swali gani linabeba na lipi linapoteza njia.

Kuna jambo jengine sijaona watu wakilisema sana, siku ya kuuliza. Dozi nyingi za kemo ya matiti hutolewa kila siku 21, na fomu inauliza wiki mbili. Ukimuuliza siku ya saba unakusanya zile siku mbaya kabisa za kutapika, ukimuuliza asubuhi ya dozi inayofuata unakusanya siku alizoanza kupata nafuu, mwanamke ni yule yule, alama zinaweza kutofautiana hadi avuke mstari wa 10. Mie fomu zangu juu kabisa, kabla hata ya umri, pana kisanduku cha siku ya mzunguko wa kemo. Na mgonjwa wa mionzi je, ambaye kapanda boti kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, yuko Dar wiki kadhaa, watoto kawaacha kwa bibi yao Wete? Anakosa raha. Sasa hiyo ni sonona au ni mtu kawakumbuka wanawe?

Wiki mbili zenyewe huwa nazihesabu kwa Ijumaa, "tangu Ijumaa ya juzi mpaka leo", inashika kuliko tarehe. Na lile jibu la "zaidi ya nusu ya siku" wengi wanalisikia kama masaa, toka asubuhi mpaka adhuhuri, basi sie tunasema "siku nyingi kuliko zilizobaki" na kadi ya duara nne, tupu, robo, zaidi ya nusu, imejaa, anagusa kwa kidole.

Swali la kwanza la hamu ndo lenye mambo. Mwuliza: "Bi, tangu Ijumaa ya juzi, mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo yako?" Yeye: "Alhamdulillah mwanangu." Pembeni kakaa wifi yake. Hilo si jibu la sifuri, na pia si kwamba anaficha, ndo adabu ya kujibu, mtu hamlalamikii Mungu mbele ya mgeni. Kwahiyo mwuliza ana sentensi ya pili iliyoandikwa, haitungi yeye, maana kila mwuliza akitunga lake utakuwa na madodoso kumi: "Alhamdulillah kwa kila hali. Na zile kazi zako ulizozizoea, moyo unazitaka?" Hapo ndo anasema mwani kauacha. Usiandike 3! Kauacha kwa sababu alitolewa tezi za kwapani na mkono unavimba, daktari kamkataza kubeba. Moyo unautaka mno, anawatazama wenzake wakishuka pwani maji yakitoka na roho inamuuma. Hamu anayo, mkono ndo hana. Na wifi mtafutie kazi ya kwenda kuchukua dawa dirishani, la sivyo nusu ya majibu ni ya wifi.

Baada ya hapo ndo uhakiki wenyewe. Wengi wanaishia kwenye alfa ya Cronbach, wanapata alfa imezidi 0.7 wanaandika dodoso ni sahihi. Alfa inakwambia maswali yanakubaliana, basi. Usingizi, uchovu na chakula vikipanda pamoja kwa sababu ya kemo alfa itapendeza vilevile. Unahitaji kipimo cha nje, yaani mtaalamu akae na mama afanye usaili kamili wa magonjwa ya akili, kwa mfano ule uitwao MINI, bila kuijua alama ya fomu, na ndani ya siku chache kabla hali haijabadilika. Tena usiwasaili waliopata alama za juu tu ili kubana matumizi, ukifanya hivyo wale ambao fomu imewapita hutawajua kamwe na dodoso lako litaonekana halina kasoro.

Swali la tisa halina mzaha. Linauliza mawazo ya bora ungekufa au kujidhuru, mambo mawili kwenye sentensi moja, na kwetu hapa mama mwenye maumivu anaweza kuomba "Mola anichukue nipumzike" na kujidhuru hajawahi kuwaza. Kwahiyo akijibu chochote zaidi ya sifuri anaulizwa kwa upole, peke yake, ni lipi kati ya mawili, maumivu yanadhibitiwa vipi, na siku hiyo hiyo anaonwa na mtu wa afya ya akili. Ukimtajia Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, tu anaweza asirudi, basi mtu aje alipo yeye. Kama hakuna wa kuja siku hiyo, mie siruhusu fomu zigawiwe.

Halafu inakuja kuchagua mstari, yaani alama ya kuanzia kusema huyu ana sonona. Tuseme, kwa mfano tu, una wanawake 200 na 30 kati yao wana sonona kweli. Ukiweka mstari chini, unawakamata 27, lakini kati ya wale 170 wasiokuwa nayo unawavuta 34, jumla watu 61 wa kuonwa na chini ya nusu ndo wenyewe. Ukiupandisha unawakamata 21, unawavuta bure 17, jumla 38, na 9 wanakupita. Watafiti wanapenda kuchora ule mkunjo wa ROC, unaoonyesha kila mstari unakamata wangapi na unavuta bure wangapi, wakachagua mstari unaopendeza kwenye grafu, mie nauliza kwanza nani atawaona hao 61. Penye wataalamu wa kutosha weka chini. Pemba, kwenye kituo chenye muuguzi mmoja wa afya ya akili mwenye kliniki yake nyengine, nitaupandisha, na wale wa katikati nitawauliza tena siku ya dozi inayofuata. Mwenzangu tunayefanya naye kazi hakubali, anasema wale 9 ndo wanaotuhusu kuliko wote, na mpaka leo bado tunabishana.