Ndimu mita 50 mbele: Bjørndalen, kutoka bunduki hadi darubini

Nilikuwa mwalimu wa shabaha jeshini kwa miaka mingi, na somo langu la kwanza kwa kuruta halikubadilika: usifyatue huku unahema. Lala, tulia, vuta pumzi, itoe nusu, ishike, ndipo uminye triga. Siku nilipoona biathloni kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, nilidhani wale watu wana wazimu.

Mtu anateleza kwa skii kilomita kadhaa juu ya theluji, bunduki ya kilo tatu na nusu au zaidi mgongoni. Anaingia kwenye uwanja wa shabaha kifua kinapanda na kushuka, anapiga risasi tano umbali wa mita 50, huyoo anaondoka tena. Akilala, shabaha ina upana wa milimita 45, ukubwa wa ndimu. Akisimama ni milimita 115, tuseme balungi. Akikosa, katika mbio nyingi anazungushwa kijiduara cha mita 150 kwa kila risasi iliyopotea. Katika zile za kilomita 20 anaongezewa dakika nzima.

Niliwahi kuwajaribu kuruta wangu. Niliwalaza na bunduki isiyo na risasi, shilingi imewekwa juu ya mtutu. Wakiwa wametulia, shilingi ilikaa hata triga ilipominywa. Nikawakimbiza mizunguko mitatu, nikawalaza tena. Shilingi zikaanza kudondoka kabla hawajagusa triga. Ukiinama ukatazama ncha ya mtutu, unaiona inacheza kwa kufuata moyo, kwa sababu mkanda uliobana mkono wa mbele unachukua mapigo na kuyafikisha kwenye bunduki. Mwanabiathloni hana muda wa kusubiri hayo yaishe. Anapunguza kasi kidogo kabla ya kufika, anapumua mara moja au mbili kati ya risasi na risasi, na anafanya vilevile kila siku mpaka mwili ukariri.

Ole Einar Bjørndalen wa Norwei, aliyezaliwa 1974, ndiye niliyemfuatilia zaidi. Miguu alikuwa nayo. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City 2002 alishinda mbio zote nne za wanaume, na wengi hukumbuka hesabu hiyo tu. Mimi hukumbuka zile kilomita 20: Mjerumani Frank Luck hakupoteza hata risasi moja kati ya 20, Bjørndalen akapoteza mbili, akabebeshwa dakika mbili, na bado akatangulia. Siku mbili baadaye, kwenye kilomita 10, akapiga kumi kwa kumi. Hapo wenzake walikuwa wakimbilie wapi?

Ila kilichonifunza zaidi ni kilomita 10 za Olimpiki ya Sochi, Februari 2014. Alikuwa ametimiza miaka 40 siku chache tu kabla. Akakosa risasi moja, akazunguka kile kijiduara, akamshinda Dominik Landertinger wa Austria, ambaye hakukosa kitu, kwa sekunde 1.3. Mtu wa umri huo hapati sekunde hizo njiani peke yake. Anazipata hata kwenye mkeka wa kulalia: anavyoshusha bunduki, anavyofungua vifuniko vya kidude cha kulengea, anavyoinuka. Alijulikana pia kwa kusafisha vyumba vya hoteli kwa mashine yake ya kuvuta vumbi, akikwepa mafua. Watu walicheka. Mimi sikucheka, nimeona kikosi kizima kikiharibika kwa kikohozi cha mtu mmoja.

Alishiriki Olimpiki sita na kupata medali 13, nane zikiwa za dhahabu. Mwaka 2018 Norwei haikumchagua, akaenda Olimpiki ya Pyeongchang upande wa Belarus, si kama mshindani, nchi ya mkewe Darya Domracheva, naye ni bingwa wa Olimpiki mara nne. Aprili mwaka huo akastaafu, akieleza pia kwamba moyo wake ulikuwa umeanza kwenda mrama. Moyo uleule.

Mwaka 2019 wote wawili wakaajiriwa kuifundisha China, wakilenga Beijing 2022. Michezo ikaisha China ikiwa haina medali ya biathloni. Waliosema bingwa si lazima awe mwalimu mzuri walikuwa na haraka. Bjørndalen mwenyewe alitoka Olimpiki ya Lillehammer 1994 mikono mitupu, na medali yake ya kwanza ilisubiri Nagano 1998. Tena mbio zile zilisitishwa kwa theluji na ukungu akiwa anaongoza, zikarudiwa kesho yake, akashinda upya. Wachina alikaa nao miaka isiyofika mitatu, na janga la Uviko likiwa katikati.

Halafu mtazame kocha wa biathloni anavyofanya kazi. Anasimama nyuma ya mstari, jicho kwenye darubini, anaandika kila risasi ilipoangukia, anaangalia vibendera vya upepo. Mwanafunzi akifika anampigia kelele: kliki mbili kushoto! Yule anazungusha kidude cha kulengea, au anasahau kukizungusha kwa uchovu. Ndani ya nusu dakika hivi ameshatoweka msituni, na kocha amebaki na penseli yake.