Kwa nini mdoli wa katuni hauchuji

Belo la midoli likifunguliwa Mwanjelwa, ile yenye sura ya kichanga hubaki imelala chini hadi jioni. Ya katuni huondoka kwanza, hata ikiwa na sikio moja. Mteja hahitaji boksi wala maneno ya muuzaji: anauinua, anauliza "Huyu si Mickey?", na bei imeshaanza. Mimi nakusanya, nakarabati na kuuza midoli ya namna hii hapa Mbeya, na watu wengi hunishangaa: mtu mzima na akili zake anatoaje hela kwa kitu hicho?

Jibu langu huanzia kwenye penseli ya mchoraji. Sekunde moja ya filamu ina fremu, yaani picha, 24, na katuni za zamani zilichorwa kwa mkono. Anayelazimika kurudia sura ileile maelfu ya mara huondoa kila pambo lisilo na kazi. Mickey Mouse, panya wa katuni za Disney aliyetoka mwaka 1928, ni duara juu ya duara, basi. Sura iliyopunguzwa kiasi hicho haipotei kirahisi. Mdoli wa kawaida ukichakaa uso, umekwisha. Mickey aking'oka macho yote mawili, masikio yanamtaja. Wapo wanaosema siri yote ni kumbukumbu za utoto. Zinachangia, sikatai, ila nina wateja waliokulia nyumba zisizo na televisheni na wanakusanya kwa hamu ileile.

Halafu kuna ufundi wenyewe. Kwenye katuni, Mickey akigeuka upande wowote masikio yake hubaki duara kamili. Kitambaa hakiwezi mchezo huo. Lazima sikio lishonwe mahali pamoja likae. Aliyepambana na tatizo hilo mwanzoni ni Charlotte Clark, mshonaji wa Los Angeles, mwaka 1930. Maombi yalipomzidi, ramani ya kukatia kitambaa iliuzwa kwa umma ili watu wajishonee nyumbani. Ndiyo maana nikikutana na Mickey wa zamani mwenye mishono iliyopinda, simwiti feki haraka. Fundi cherehani yeyote wa Uyole akimpindua atasoma jinsi alivyokatwa, na mimi hupenda sana kumtazama fundi akifanya hivyo kuliko kutazama mdoli uliofungiwa kwenye boksi lake.

Hata Barbie ana damu ya katuni. Gazeti la Bild la Ujerumani lilianza kuchapisha vibonzo vya msichana Lilli mwaka 1952, mdoli wake ukatoka 1955. Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya midoli ya Mattel, aliukuta akiwa safarini Uswisi, na mwaka 1959 Mattel wakamtoa Barbie, aliyefanana na Lilli mno.

Hapo kuna mtego wa wanaoanza. Mgongoni mwa Barbie wengi kumegongwa 1966, na muuzaji atakuapia kwamba mdoli ni wa mwaka huo. Huo ni mwaka wa hakimiliki ya umbo. Muhuri huohuo uliendelea kupigwa kwa miongo kadhaa. Lebo za Disney zinasaidia zaidi: zikiandikwa Walt Disney Productions, jina hilo lilikuwa la kampuni kabla ya mabadiliko ya 1986.

Kuhusu kutunza, sisi wa nyanda za juu tuna bahati nusu. Vinili, ile plastiki laini ya midoli, hulainishwa kwa kemikali ambazo joto huzisukuma nje taratibu, ndipo mdoli unaanza kunata. Baridi yetu ya Juni na Julai inapunguza kasi hiyo. Wenzetu wa Dar wanahangaika. Lakini Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku juu ni kali kwa rangi. Dirishani usiweke kitu. Tukuyu adui ni mwingine: mvua zikishika, midoli ya kitambaa huota ukungu kabatini, kwa hiyo ifungue ipate hewa kila kunapokuwa na siku kavu.

Ukiukuta wa vinili umeshanata, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji, uufute, uuanike kivulini. Kisha uviringishe peke yake kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Vinili ikilazwa juu ya vinili huhamishiana rangi, na doa hilo sijapata sabuni ya kulitoa.