Je, Wajua Kwa Nini Diski ya Pili Hufa Unapoiokoa ya Kwanza, na Bado Data Huweza Kurudi?

Seva ya nyumbani ina diski nne. Taa ya diski moja imegeuka nyekundu. Hukuhangaika sana, kwa sababu uliambiwa kwamba mpangilio wa RAID 5, unaounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, unavumilia kifo cha diski moja. Ukanunua mpya, ukaichomeka, seva ikaanza kujijenga upya: asilimia 10, 30, 60. Asubuhi unakuta kazi imesimama. Diski ya pili nayo imeondoka, na folda yenye picha za watoto tangu walipozaliwa haifunguki.

Inauma. Lakini katika hatua hiyo, mara nyingi sana, karibu kila kitu bado kimo ndani ya diski hizo. Kitakachoamua kama kitarudi ni yale utakayofanya saa chache zijazo.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ni nyepesi kuliko watu wanavyoidhania. Jina la RAID lilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wazo lao lilikuwa hili: badala ya diski moja kubwa ya bei ghali, unganisha nyingi za bei nafuu, kisha uweke ziada ya kufidia ile itakayokufa. Ziada hiyo katika RAID 5 huitwa pariti, nayo ni suala la shufwa na witiri tu. Chukua biti moja, yaani 0 au 1, kutoka kila diski: ya kwanza ina 1, ya pili 0, ya tatu 1. Tarakimu 1 zimo mbili, yaani shufwa, basi pariti inaandikwa 0. Zingekuwa witiri, ingeandikwa 1 ili jumla iwe shufwa daima. Sasa ipoteze diski ya pili. Unaona 1, pengo, 1, na pariti 0. Shufwa imeshatimia, kwa hiyo pengo lilikuwa 0. Umerudisha kitu ambacho huna tena.

Poteza mbili, hesabu inagoma. Ukibaki na 1, pengo, pengo, 0, unajua tu kwamba moja ya mapengo ni 1 na jingine ni 0. Lipi ni lipi, huwezi kusema. RAID 6 huongeza hesabu ya pili ya aina tofauti, ndiyo maana inastahimili diski mbili. RAID 5 haina.

Kwa nini basi ya pili huondoka wakati huohuo? Sababu ya kwanza ni ya wazi: diski zilinunuliwa siku moja, pengine zikatoka kiwandani pamoja, zikazunguka saa zilezile kwenye joto lilelile. Zimezeeka kama mapacha.

Sababu ya pili ndiyo inayowashtua wengi. Katika maisha ya kawaida, seva husoma sehemu ndogo tu ya diski, zile faili unazozifungua. Picha za miaka sita iliyopita hazijaguswa. Sekta moja, yaani kipande kidogo kabisa cha diski, iliyoharibika katikati yake inaweza kukaa kimya miaka yote hiyo bila mtu kujua. Kujenga upya kunalazimisha kila sekta ya kila diski iliyobaki isomwe, bila kuacha hata moja. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kwamba zinaweza kukosa kusoma sekta moja katika kila biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5. Ukiwa na diski nne za terabaiti 4, kujenga upya moja ni kusoma terabaiti 12 kutoka kwa wenzake. Kwa kweli diski nyingi hufanya vizuri kuliko maandishi hayo, lakini unaona jinsi ukingo ulivyo karibu. Halafu kazi yenyewe ni ndefu. Hata kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde bila kupumzika, terabaiti 4 huchukua zaidi ya saa saba, na diski iko kazini muda wote huo.

Sababu ya tatu haisemwi vya kutosha, na mimi naiona ndiyo yenye matumaini zaidi. Diski ya kompyuta ya kawaida ikikutana na sekta ngumu hung'ang'ana nayo, inarudia na kurudia kuisoma, wakati mwingine dakika nzima au zaidi. Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, husubiri jibu kwa sekunde 30. Zikipita, inaamua kwamba diski haijibu, na kundi la RAID linaifukuza. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya seva hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kusema wazi kwamba sekta hiyo imeshindikana, hivyo seva inaendelea na mengine. Kwa hiyo diski uliyoambiwa imekufa huenda imefukuzwa tu kwa kosa la sekta moja kati ya mabilioni. Kufa na kufukuzwa ni mambo mawili tofauti. Na kama diski mbili au tatu zimetoka sekunde ileile, shuku kwanza kebo, kifaa cha umeme, au kadi inayoziunganisha.

Sasa tuje kwenye uokoaji. La kwanza ni kuacha kuandika chochote. Seva ikikuuliza kama iandae diski upya, kataa. Zima, kisha ubandike namba kwenye kila diski kulingana na tundu ilimokuwa. Usiitupe ile ya kwanza iliyofeli, wala usiifute ile mpya iliyofika asilimia 60. Zote bado zina kazi, tutaona.

Amri inayoangamiza watu wengi ni ile ya kuunda kundi jipya juu ya diski zilezile. Inaonekana haina neno, kwani diski ni zilezile na mpangilio ni uleule. Lakini ukubwa wa vipande ambavyo data hugawanywa kati ya diski umebadilika kati ya matoleo ya mdadm, programu inayosimamia RAID kwenye Linux: zamani chaguo la kawaida lilikuwa kilobaiti 64, baadaye likawa 512. Mahali data inapoanzia napo pamehama. Ukikosea kimoja, au ukipanga diski kwa mfuatano usio sahihi, kundi jipya litaanza kuandika pariti yake juu ya data yako ya zamani.

Badala yake, soma kwanza. Kila diski ya kundi hubeba maandishi yanayoeleza mpangilio wake, pamoja na kihesabu cha matukio kinachopanda kadiri kundi linavyofanya kazi. Amri ya mdadm --examine hukuonyesha kihesabu hicho pamoja na saa ya mwisho diski ilipoandikwa. Tuseme umepata hivi: diski A ina 48211, B ina 48211, C ina 48209, na D, ile ya kwanza uliyoichomoa, ina 31870. Habari yote iko hapo. D iliachwa nyuma zamani. C imeondoka juzi tu, matukio mawili kabla ya mwisho. A, B na C ni diski tatu, na RAID 5 ya diski nne inahitaji tatu. Ukiilazimisha C irudi kundini, data yako ipo.

Usifanye hivyo kwenye diski zenyewe. Nakili kila moja kwanza, nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski zenye ukubwa uleule au zaidi. Programu ya bure ya ddrescue ilitengenezwa kwa kazi hii hasa. Inapita mara ya kwanza ikichukua vilivyo rahisi, ikigusa sehemu mbovu inaruka mbele, kisha inarudi kuzijaribu kidogokidogo mwishoni. Ni busara kubwa, kwa sababu diski dhaifu inaweza kukata roho wakati wowote, na afadhali ife ikiwa imeshatoa asilimia 99. Muda wote inaandika ramani ya ilichopata na ilichokosa, hivyo unaweza kusimamisha na kuendelea kesho.

Ramani hiyo ni ya thamani. Tuseme C imetoa terabaiti 4 zote isipokuwa kilobaiti 96, palepale ujenzi uliposimama. Kumbuka kwamba hesabu ya shufwa na witiri hufanyika mstari kwa mstari, yaani kwa vipande vya mahali pamoja katika diski zote, si diski kwa diski. Seva huifukuza diski nzima kwa sababu ya mstari mmoja, lakini wewe huna haja ya kufanya hivyo. Katika mistari mingine yote C ni nzima. Katika ile michache iliyokosekana, irudie D. Ni ya zamani, ndiyo, lakini kama mahali hapo pana picha za miaka sita iliyopita, hapajaandikwa upya tangu D ilipotoka, na biti zake bado ni sahihi. A, B na D zinakupa kipande cha C. Ile diski mpya nayo imeshabeba asilimia 60 za mwanzo zilizokokotolewa sawasawa, na zitakufaa kama C itazidi kuharibika wakati wa kunakiliwa.

Hapa kuna mtego. Mahali ddrescue iliposhindwa, kwenye diski tupu uliyonakilia pamejaa sifuri. RAID haijui kwamba hizo si data, itazisoma kama data. Ndiyo maana lazima uwe na ramani mkononi, ujue ni sekta zipi za kujaza kwa hesabu.

Kama diski inatoa mlio wa tik-tik au haizunguki, izime na usiijaribu tena. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka ndani ya diski kwa nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele ni makumi ya maelfu ya nanomita. Ukiifungua, vumbi la chumba cha kawaida linatosha kukwaruza sahani nzima. Kuiweka kwenye friza huleta unyevu juu ya sahani. Kubadilisha ubao wa saketi peke yake kwa kawaida hakusaidii kwa diski za siku hizi, kwani chipu yake hubeba vipimo vya diski ileile moja. Hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi. Ukienda kwake, mwambie aanze na ile iliyotoka mwisho, si ile iliyotoka kwanza. Ukiipata hiyo moja, huenda huna haja ya kulipia ya pili.

Kundi likisimama juu ya nakala, lifungue kwa kusoma tu na uzuie programu ya kukagua mfumo wa faili, kwa maana ikikuta mpangilio usio sahihi itaanza kurekebisha visivyo na kosa. Orodha ya faili kuonekana haitoshi. Jina la faili ni dogo na linaweza kukaa ndani ya kipande kimoja. Fungua picha kubwa na video ndefu. Picha ikiwa nzuri juu, kisha nusu ya chini ikawa kijivu au mistari ya rangi, mfuatano wa diski au ukubwa wa vipande si sahihi. Zima, badilisha, jaribu tena juu ya nakala, hadi picha hiyohiyo ifunguke yote, kutoka juu mpaka chini.