"Nimeiweka kwenye marejeo, kosa liko wapi?"

Msimu wa ripoti za utafiti ukifika, hoja hii huzunguka vyuoni hapa Mwanza, kuanzia Malimbe hadi Bugando. Mwanafunzi ameandikiwa na ChatGPT, programu ya akili unde inayotunga maandishi, sura nzima ya mapitio ya maandiko, akaitaja kwenye marejeo, akaamini yuko salama. Hayuko salama. Kutaja akili unde humweleza msomaji kazi ilifanywaje. Hakuthibitishi kwamba kilichoandikwa ni kweli, wala hakumpi mtu ruhusa ambayo mhadhiri hajaitoa. Maelekezo ya asaimenti yakikataza, kosa linabaki palepale hata ukiitaja. Yakiwa kimya, muulize mhadhiri kabla hujaanza.

Dhana inayowaumiza wengi zaidi ni hii: "Imenipa na vyanzo kabisa." Programu hizi hutunga sentensi kwa kukadiria neno gani lifuate, kutokana na maandishi mengi mno ambayo zilifunzwa kwayo. Siku hizi baadhi hutafuta pia mtandaoni, lakini hata hizo huweza kukubandikia dai ambalo chanzo chenyewe hakikulisema. Iombe makala kuhusu kupungua kwa furu baada ya sangara kupandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Unaweza kupewa jina la mtafiti wa kweli, jarida la kweli, hata namba ya DOI (ile ya kuitambulisha makala mtandaoni), na makala yenyewe isiwepo duniani. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa hivyohivyo, wakapigwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao. Kama wanasheria wazoefu walinaswa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayekimbizana na siku ya mwisho ya kukusanya kazi atanaswa kirahisi zaidi.

Tena kuna suala la wakati. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Programu ambayo mafunzo yake yaliishia kabla ya hapo, isipotafuta mtandaoni, inaweza kukuandikia kwa uhakika kabisa kwamba magari bado yanavuka kwa kivuko, nawe ukaipeleka hiyo kwenye ripoti ya usafirishaji.

Kwa hiyo fungua chanzo, soma, kisha taja ulichokisoma wewe. Kwa mambo ya ziwa, ripoti za Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na za Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria (LVFO) zipo. Akili unde ikikuonyesha njia ya kufika huko, vizuri, lakini dai lako lisimame juu ya ripoti.

Na ukiitaja, itajeje? Wanaofuata APA, mtindo wa marejeo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, huweka kampuni iliyoitengeneza mahali pa mwandishi, kisha mwaka, jina la programu na toleo, aina yake, na kiungo. Programu yenyewe haiwi mwandishi mwenza wa kazi yako, maana haiwezi kuwajibika kwa lolote. Binafsi nathamini zaidi aya fupi ya maelezo: niliitumia kwa hatua gani, tarehe ipi, niliiuliza nini, nilibadilisha nini. Hifadhi mazungumzo yenyewe pia, msimamizi akiyataka yawepo.

"Nimebadilisha maneno yote." Hoja na mpangilio bado si vyako.

"Nimeitumia kunyoosha Kiingereza tu." Hili lina uzito, na vyuo vingi hutenganisha kusahihisha lugha na kutungiwa hoja. Hata hivyo sema wazi, kisha pitia sentensi moja moja. Programu ikilainisha lugha, "huenda" yako inaweza kugeuka "bila shaka", na hapo matokeo ya utafiti wako yamebadilika.

Wahadhiri nao wana dhana yao: kigunduzi, yaani programu ya kutambua maandishi ya akili unde, kikionyesha asilimia kubwa, basi mwanafunzi kadesa. Hapa naumia kweli. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2023 ulikuta vigunduzi vikizitilia shaka kimakosa zaidi ya nusu ya insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, zilizoandikwa na watu wasio wazawa wa Kiingereza. Mwaka huohuo OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa kigunduzi chake kwa sababu ya usahihi mdogo. Kijana aliyeanza na Kisukuma, akasoma msingi kwa Kiswahili, ndipo akaandika tasnifu kwa Kiingereza, yumo hatarini kabisa. Mwite, mpe nafasi aeleze kazi yake, angalia rasimu zake, ndipo uamue.

Mwisho, data. Wapo wanaobandika kwenye programu mahojiano ya wachuuzi wa samaki wa Mwaloni Kirumba, au maelezo ya wagonjwa, ili yafupishwe, wakidhani kufuta majina kunatosha. Kijiji, umri na ugonjwa vikibaki, mtu bado anatambulika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo katika zile nyeti. Waliokujibu walisaini fomu ya ridhaa wazungumze na wewe. Kama fomu haikutaja kwamba maneno yao yatapelekwa kwenye programu ya kampuni ya nje, hawakukupa ruhusa hiyo.