Hekalu halikuwa ukumbi wa kusanyiko

“Tukutane hekaluni Jumapili saa tatu.” Sentensi ya namna hii imezoeleka kwenye matangazo ya makanisa, na anayeitoa huwa anawaza jengo lenye viti, spika na jukwaa. Hekalu la Yerusalemu halikuwa na viti vya waumini. Waumini wenyewe hawakuingia ndani yake.

Kwa ufupi, hekalu ni nyumba aliyojengewa mungu ili akae humo na kuhudumiwa na makuhani wake. La Israeli lilikuwa Yerusalemu. Lile la Sulemani lilichomwa na Wababeli mwaka 586 KK. La pili lilikamilika 515 KK, Herode akaanza kulijenga upya kwa fahari karibu mwaka 20 KK, na Warumi wakaliteketeza mwaka 70 BK. Maana ndiyo hiyo. Yaliyobaki yamo ndani ya neno lenyewe.

Sisi tumelipata kutoka Kiarabu, “haykal”, ambalo Mwarabu wa leo hulitumia hata kwa kiunzi cha mifupa ya mwili. Waebrania walisema “hekhal”. Nyuma yao kuna Waakadi wa Mesopotamia waliosema “ekallu”, na nyuma zaidi Wasumeri: “e-gal”, yaani nyumba kubwa. Na kwa Wasumeri nyumba kubwa ilikuwa jumba la mfalme. Kiebrania hakikusahau asili hiyo. Jumba la Ahabu, lile lililopakana na shamba la mizabibu la Nabothi katika 1 Wafalme 21, linaitwa “hekhal”. Jumba la mfalme wa Babeli katika Isaya 39 nalo ni “hekhal”. Kwa hiyo mtu wa Yerusalemu aliposikia neno hili, picha ya kwanza kichwani ilikuwa makao ya mwenye enzi, penye mlango usioingiwa na kila mtu.

Mswahili analo neno linalolingana kwa maana: ikulu. (Asije mtu akadai kwamba “ekallu” na “ikulu” ni ndugu. Zinafanana kwa sadfa tu. Ikulu ina mzizi wa Kibantu wa -kulu, uleule wa “mkuu” na “kuu”. Hata Farao, kwa Kimisri, asili yake ni “nyumba kubwa”.) Ukitaka kuonja neno hekalu lilivyosikika kale, weka ikulu mahali pake. Hakuna anayesema “tukutane ikulu Jumapili saa tatu” akidhani atafungua mlango na kuketi.

Ukilishika hilo, vyombo vyote vinaeleweka. Meza ina mikate 12, hubadilishwa kila Sabato. Taa zinawaka. Uvumba unafukizwa. Kule ndani kabisa kuna makerubi wawili wa mti wa mzeituni waliofunikwa dhahabu, kila mmoja dhiraa 10 kwenda juu, mabawa yao yakigusana katikati na kugusa kuta mbili za pembeni, na chini yao sanduku la agano lenye mbao mbili za mawe. Hiyo ni nyumba yenye chakula, mwanga, manukato na kiti cha enzi. Kilichokosekana ni sanamu ya mwenye nyumba, na hapo ndipo Israeli ilipoachana na majirani zake. Maana ramani ya jengo haikuachana nao. Hekalu la Ain Dara kaskazini mwa Syria, lililoharibiwa vibaya na shambulio la anga mwaka 2018, lilikuwa na mpangilio wa jamii hiyohiyo, ukumbi, chumba kikuu na chumba cha ndani, na kizingitini zilichongwa nyayo kubwa zinazoelekea ndani, kila moja karibu mita 1, kana kwamba mungu ameingia kwake.

Vipimo vya Sulemani viko katika 1 Wafalme 6: urefu dhiraa 60, upana 20, kimo 30. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kati ya sentimita 44 na 52, basi sema mita 30 kwa 10. Parokia nyingi za mjini zina majengo makubwa kuliko hilo. Anayehubiri kwamba lilikuwa jengo kubwa kupita yote hajasoma sura ya 7, ambapo Sulemani anajijengea Nyumba ya Msitu wa Lebanoni, dhiraa 100 kwa 50: sakafu yake ni zaidi ya mara nne ya ile ya hekalu. Hekalu lilichukua miaka 7, majumba yake mwenyewe miaka 13.

Fahari ya hekalu ilikuwa kwenye mpango wa kukaribia. Nje, uani, vyombo ni vya shaba: bahari ya kusubu, yaani birika kubwa la maji, yenye kipenyo cha dhiraa 10 juu ya ng’ombe 12, na nguzo mbili, Yakini kusini na Boazi kaskazini, kila moja dhiraa 18 bila taji lake. Ndani shaba inakoma, dhahabu inaanza. Milango ya chumba kikuu ni miberoshi. Ya chumba cha ndani ni mzeituni. Kuta za mawe hazionekani, zimefunikwa mbao za mierezi ya Hiramu mfalme wa Tiro. Hata vyumba vya pembeni vya ghorofa tatu vina adabu zake: cha chini dhiraa 5 upana, cha kati 6, cha juu 7, kwa sababu ukuta wa hekalu ulipunguzwa unene kwa ngazi ili boriti zikae juu ya kingo hizo bila kuutoboa. Mawe yalichongwa yakamalizika machimboni. Nyundo haikusikika kwenye nyumba. Na mwisho wa safari hiyo ya shaba hadi dhahabu ni chumba cha dhiraa 20 kila upande, chenye giza. Sulemani mwenyewe anasema Bwana ameahidi kukaa katika giza nene, kisha katika sala inayofuata anakiri kwamba mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba hii.

Sasa kuna jambo linalopotea kabisa katika tafsiri zetu. “Hekhal”, kwa kipimo cha 1 Wafalme 6, ni chumba cha kati tu, chenye dhiraa 40. Jengo zima liliitwa “nyumba”, na Wayahudi baadaye wakasema Beit ha-Mikdash, nyumba ya utakatifu. Ndiyo jina ambalo Waislamu wa pwani wanalo bado wanapouita mji wa Yerusalemu Baitul Maqdis. Agano Jipya linaongeza tatizo: Kigiriki kina “naos”, nyumba yenyewe, na “hieron”, eneo zima pamoja na nyua zake. Biblia zetu zimezoea kuandika “hekalu” kwa yote mawili. Ndiyo maana msomaji anamwona Yesu akipindua meza za wabadili fedha karibu na pazia. Yohana 2:14 ni “hieron”, uani. Yesu alikuwa wa kabila la Yuda na hakuwa na ruhusa ya kuingia “naos”. Zakaria, kuhani, ndiye aliyeingia humo kufukiza uvumba katika Luka 1, na watu wote walikuwa nje wakisali. Nje ndiko mahali pao palipokuwa.

Madhabahu nayo ilikuwa nje. Neno hili pia ni la Kiarabu, la mzizi wa kuchinja, ule ule wa dhabihu. 2 Nyakati 4 inaipa ya Sulemani dhiraa 20 kwa 20, kimo 10, ya shaba, mbele ya nyumba, chini ya anga, kwa sababu moshi na damu ya mafahali havifai chini ya dari ya mierezi. Jukwaa la kwaya kuitwa madhabahu ni mazoea ya baadaye, na kuliita hilohilo “patakatifu pa patakatifu” ni kuunganisha sehemu mbili ambazo katika Yerusalemu zilitenganishwa na jengo karibu zima.

Mle patakatifu pa patakatifu kuhani mkuu aliingia siku moja kwa mwaka, mwezi wa 7 siku ya 10. Siku moja, si mara moja: kwa uvumba, kwa damu ya fahali, kwa damu ya mbuzi, Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inahesabu maingilio manne pamoja na la kwenda kuchukua chetezo. Ile kamba inayosimuliwa kwamba alifungwa mguuni ili avutwe nje akifia humo haimo katika Biblia wala katika Mishna. Ni habari ya maandishi ya Kiyahudi ya Zama za Kati. Na Ukuta wa Magharibi unaopigwa picha leo haukuwa ukuta wa hekalu. Ni ukuta wa kushikilia udongo wa jukwaa ambalo Herode alilipanua ili hekalu likae juu yake.

Basi anayependa kuliita kanisa lake hekalu asikatazwe kwa ukali. Paulo naye alilichukua neno hilo, akachagua “naos”, ile nyumba yenyewe, akawaambia Wakorintho kwamba wao ndio hekalu. Alisema “ninyi”, watu. Jengo wanaloketi ndani yake kusikiliza mahubiri lina jina lake zuri la kanisa, na kwa mpangilio wake limefanana zaidi na sinagogi, neno la Kigiriki lenye maana ya kukusanyika.